Nani Analipia Vinyoya?

Wengi wetu tukisikia kampuni imejitokeza kuwalipia watoto wa maskini wapate kucheza, tunapiga makofi kwanza na maswali tunayaweka kando. Ni tabia ya kibinadamu, na mimi ninayo. Kisa kilichotokea Indonesia mwaka 2019 kinatufundisha kwamba maswali hayo hayapotei. Hurudi, na yakirudi wanaoumia ni watoto.

Tuanze na mchezo wenyewe. Badminton, au mpira wa vinyoya, unaonekana mchezo wa bei nafuu: raketi, wavu, na kile kinyoya. Raketi hudumu. Kinachomaliza pesa ni kinyoya. Kile cha mashindano kina manyoya 16 ya bata au bata bukini, uzito wake ni kama gramu tano, na wachezaji wenye mkono mzito huvunja kimoja baada ya kingine katika mechi moja. Tena unataka ukumbi, maana upepo mdogo tu hukipeleka upande. Mtoto wa mvuvi au wa kibarua hafiki mbali bila mtu wa kumlipia.

Katika mji wa Kudus, Java ya Kati, aliyelipa alikuwa mwenye kiwanda cha sigara. Kudus ni mji wa kretek, sigara zinazotiwa karafuu. Hata karafuu za Unguja na Pemba kwa miaka mingi zilikuwa zikinunuliwa na Waindonesia kwa kazi hiyo, kabla hawajajitosheleza kwa zao. Mwaka 1969 wafanyakazi wa kampuni ya Djarum walikuwa wakicheza badminton jioni ndani ya banda la kusokotea sigara, na hapo ikazaliwa klabu ya PB Djarum. Akatoka Liem Swie King, bingwa wa All England mara tatu. Akatoka Alan Budikusuma, aliyetwaa dhahabu Barcelona mwaka 1992, badminton ilipoingia rasmi kwenye Olimpiki.

Mwaka 2006 klabu ikafungua majaribio ya wazi, na baadaye yakapelekwa miji mbalimbali. Mtoto yeyote aliruhusiwa kuja. Aliyefaulu alipata mafunzo na mahali pa kuishi bila wazazi kutoa gharama. Kevin Sanjaya Sukamuljo, mtoto wa Banyuwangi, alijaribu mara ya kwanza akakosa, akarudi mwaka uliofuata akapita. Mwaka 2017 yeye na mwenzake Marcus Gideon walikuwa nambari moja duniani kwa wanaume wawili wawili. Ningekuwa mzazi wa huko, ningempeleka mwanangu alfajiri, na fulana aliyopewa ningemvalisha bila hata kuisoma.

Fulana hiyo ndiyo iliyozua balaa. Kifuani ilikuwa na neno Djarum, jina la klabu ambalo ndilo pia jina la sigara zinazouzwa madukani nchi nzima. Watoto waliovaa hawakuwa hata na miaka 13.

Je, hapakuwa na dalili? Zilikuwepo, na nyingi. Mwaka 2012 serikali ya Indonesia ilitoa kanuni namba 109 juu ya tumbaku. Kampuni za sigara hazikukatazwa kudhamini, ila zilikatazwa kutumia majina na nembo za bidhaa zao katika udhamini. Kila aliyehusika na mchezo ule alikuwa na miaka saba ya kuisoma kanuni hiyo na kuiangalia fulana. Halafu kulikuwa na hali ya nchi yenyewe. Zaidi ya nusu ya wanaume wa Indonesia wanavuta sigara, na takwimu za afya za serikali zilionyesha kwamba kiwango cha wavutaji miongoni mwa wenye umri wa miaka 10 hadi 18 kilipanda kutoka asilimia 7.2 mwaka 2013 hadi asilimia 9.1 mwaka 2018. Mapema 2019 shirika la Lentera Anak na Tume ya Ulinzi wa Watoto, KPAI, walitoka hadharani wakasema watoto wanageuzwa mabango ya sigara. Jibu lililotolewa ni kwamba klabu si sigara. Majaribio ya mwaka huo yakaanza kama kawaida.

Dalili iliyonisumbua zaidi ni nyingine, na hiyo haimo katika kanuni yoyote. Majaribio yale yalibebwa na mfuko mmoja. Watu walihesabu medali, wakasahau kuuliza: huyu akiondoka kesho, nani atalipia vinyoya?

Tarehe 7 Septemba 2019, mjini Purwokerto, klabu ilitangaza kwamba kuanzia 2020 majaribio yatasitishwa. Siku iliyofuata watoto waliingia uwanjani wakiwa na fulana za klabu zao za nyumbani. Nchi ikalipuka. Mitandaoni watu wakadai KPAI ivunjwe, kana kwamba aliyeiona hatari ndiye aliyeileta. Baada ya siku chache, tarehe 12, Waziri wa Vijana na Michezo akaikutanisha klabu na KPAI, wakakubaliana majaribio yaendelee bila jina wala nembo ya Djarum.

Hukumu yangu hairuki upande wowote. Kampuni ilijua kanuni. KPAI nayo ilikuwa na haki, lakini ilifika bila mahali pengine pa kumpeleka mtoto mwenye kipaji. Na viongozi wa mchezo walinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa na faida. Mapatano yale yaliyofikiwa kwa siku tano yangeweza kufikiwa mwaka 2012, kwa mazungumzo ya utulivu, bila mtoto yeyote kuambiwa kwamba mlango unafungwa.

Tusiwacheke Waindonesia. Kenya walionja hayo hayo katika soka: kodi ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2018, SportPesa ilisitisha udhamini wake wa ndani, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wakihangaika. Hizo ni klabu kubwa zenye mashabiki kila kona. Klabu ya watoto ya mtaani, ikipatwa na hali hiyo, hufa kimya kimya.

Basi wewe unayetaka kuwafundisha watoto wa mtaa wako, anza na kile ambacho hakihitaji tajiri. Vinyoya vya nailoni havirushiki vizuri kama vya manyoya, lakini kwa anayeanza vinatosha na hudumu sana. Shirikisho la dunia, BWF, lina mpango wa Shuttle Time wenye masomo ya bure kwa walimu wa shule, na tangu 2019 limeleta AirBadminton, ya kuchezwa nje kwenye upepo. Kuhusu ukumbi, mwombe mwalimu mkuu. Wazazi wachange kidogo kidogo, hata kama ni mia mia, ili klabu iwe na pesa yake.

Na siku mdhamini atakapokuja, mkaribishe, ila kaa naye pamoja na wazazi kabla ya kupokea chochote. Uliza anauza nini. Uliza mkataba unaisha lini, na mwezi utakaofuata vinyoya vitatoka wapi. Mwombe atoe fulana zisizo na maandishi. Akikataa, mshukuru na umsindikize hadi mlangoni.