Mgeni Apitaye Peke Yake

Mvua za masika zinapokwisha, tunawaona wageni wakiendesha magari peke yao katika vijiji vyetu vya kuzunguka Mlima Meru. Wengine wamekodi gari Arusha mjini. Wengine wameingia kwa mpaka wa Namanga, wakapita Longido na Oldonyo Sambu, na kwao Mnara wa Saa wa Arusha ni kituo kimoja tu cha safari ndefu. Huiacha barabara kuu pale Usa River, wakakata kuelekea Ngurdoto, Momella na Ngare Nanyuki. Watoto huwapungia mikono. Wakubwa huulizana: huyu hana ndugu hapa, hana hata mwenzake wa kumsaidia kubadilisha tairi, anatafuta nini?

Swali hili lina uzito kuliko tunavyodhani. Kwetu mtu husafiri kwa sababu: msiba, harusi, biashara, matibabu, masomo. Tena hasafiri bila kuaga na kuombewa. Kwa hiyo mtu anayezunguka nchi ya ugeni bila mwenzake na bila shughuli, upesi tunamwona kuwa ni tajiri aliyechoka au ni mtu aliyekosa watu.

Tusiharakishe kuhukumu. Yakobo alikuwa peke yake alipolala njiani na jiwe chini ya kichwa, akaiona ngazi ya mbinguni. Eliya alikwenda Horebu akiwa amemwacha mtumishi wake nyuma. Bwana wetu mwenyewe aliwaacha makutano akapanda mlimani kuomba. Kuwa peke yako si dhambi. Yako mambo ambayo moyo hauyasikii mpaka kelele za nyumbani zibaki mbali, na huenda msafiri yule anayatafuta hayo hayo ingawa hajui kuyataja.

Lakini kujitenga ili kumsikia Mungu ni jambo moja, na kutotaka kumhitaji mtu yeyote ni jambo jingine. Siku hizi gari linaweza kubeba maji, chakula, hema juu ya paa, na ramani ndani ya simu. Mtu anaweza kuuzunguka mlima wetu asimwamkie mzee hata mmoja, wala asiulize njia, wala asinunue ndizi sokoni Tengeru. Wahenga walisema tembea uone. Huyo ametembea na ameona, lakini hajafika kwa mtu. Kumbe shida ndogo za njiani, kama kuuliza njia au kukwama kwenye tope, ndizo zinazomfanya mpita njia kuwa mgeni. Bwana alipowatuma wanafunzi wake bila mkoba wala fedha, aliwatuma wakiwa na haja, ili wabishe hodi.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, kinatuonyesha msafiri tunayepaswa kumtafakari. Ni Mwafrika, mtu wa Kushi, mwenye cheo kikubwa katika hazina ya malkia wake. Yumo katika gari lake, katika nchi ya watu, kwenye barabara ya jangwa iendayo Gaza, naye anasoma Isaya. Hakukosa kitu cha safari. Filipo alipomuuliza kama anayaelewa asomayo, angeweza kuwahimiza farasi aende zake. Badala yake alikiri kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, akampandisha Filipo aketi pamoja naye. Safari yake ikageuka pale alipotoa nafasi garini. Tumtazame na Filipo pia: hakuja kuomba kitu wala kuuza kitu. Alianza kwa kusikiliza mgeni anasoma nini.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wenyeji, kwa maana udongo wetu una kumbukumbu ya wageni waliopokelewa kwa mkuki. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Walikuja na Injili, lakini kapteni wa Kijerumani alikuwa amepiga kambi karibu na askari wake, na watu wa mlimani hawakuona tofauti kati ya kambi ile na hema la wahubiri. Baadaye ilikuja adhabu ya kijeshi: nyumba zikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Hatuyahalalishi mauaji yale, wala adhabu ile. Tunajifunza kwamba mgeni husomwa kwa wale anaoongozana nao kabla hajafungua kinywa, na kwamba mwenyeji aliyejaa hofu humwona adui katika kila hema. Hata hivyo wamisionari walirudi mwaka 1902, wakapokelewa Nkoaranga, na kanisa likaota.

Tukumbuke pia kwamba sisi nasi tumekuwa wageni. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea katika Umoja wa Mataifa, na watu wa mlimani walimchangia safari hiyo. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini katika mji ule mkubwa, mbali na migomba ya kwao, hakuwa peke yake: alibeba sauti za waliomtuma. Ndivyo ilivyo kwa kila anayeonekana yuko peke yake njiani. Yuko mama anayengoja simu. Wako wanaotaja jina lake katika maombi, katika lugha tusiyoijua.

Basi tunamdai nini, na tunadaiwa nini? Mgeni anadaiwa salamu, mwendo wa pole vijijini, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha za watoto wetu. Hadaiwi kumfungulia kila mtu mlango wa gari. Hasa dada anayesafiri peke yake ana haki ya kuwa na tahadhari, nasi tusimwite mwenye kiburi. Sisi tunadaiwa bei ile ile tunayompa jirani, na maelekezo ya kweli ya njia. Akikwama usiku tunadaiwa mikono ya kusukuma gari bila kupatana malipo kwanza. Tena tunadaiwa kumwachia ukimya wake akiuhitaji.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi tunaifikiria nyama ya siku hiyo tu. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao mgeni huja kuuponya: ule wa kudhani kwamba Mungu anatujua sisi peke yetu. Kijana wako atakapoendesha gari peke yake katika nchi ya watu, giza likaanza kumwingilia na mafuta yakakaribia kwisha, utaomba akutane na mtu wa namna gani? Mtu huyo ndiye tunayeitwa tuwe, hapa Usa River na Oldonyo Sambu, kwa yule anayepita leo.