Je, Aliyefika Salama Hana Lawama?

Desturi ya watu wengi ni kulipima tendo kwa mwisho wake. Safari ikiisha salama, nahodha husifiwa. Ikiisha kwa msiba, hulaumiwa. Kipimo hiki ni chepesi, lakini je, ni cha haki? Siongiroi iko mbali na bahari, na huenda wasomaji wengi wa huko hawajaiona kwa macho. Hata hivyo, bahari hulionyesha swali hili waziwazi kuliko nchi kavu, na jibu lake, kama tutakavyoona, litatufaa hata zizini.

Na tuwafikirie manahodha wawili walioko Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Kila mmoja ana motaboti ndogo, na kila mmoja ataka kuvuka kwenda Pemba na abiria sita. Bahari iliyo kati ya bara na kisiwa hicho ina upana wa kiasi cha kilomita 50, na kina chake ni mamia ya mita, hata nanga ya mashua ndogo haiwezi kugusa chini. Mashine ikizimika katikati, mkondo wa maji uendao kaskazini utaichukua mashua utakako.

Nahodha wa kwanza hujiandaa. Mafuta huyapima kwa theluthi: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya akiba. Ajua kwamba mashine yake hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu ndogo, na kwamba pampu ikifa mashine huungua. Kwa hiyo huchukua pampu ya akiba, plagi, na chujio la mafuta. Hutazama dira, maji ya kunywa, na ndoo ya kufulia maji yaingiayo chomboni. Majaketi ya kujiokolea huyahesabu sawasawa na watu, na la mtoto hulijaribu kifuani mwa mtoto. Kisha humwambia mtu wa pwani aendako na saa anayotazamia kufika. Siku ambayo kusi yavuma kwa nguvu, haondoki.

Nahodha wa pili hutia mafuta ya kumfikisha tu, hutazama mbingu, akaenda zake. Siku hiyo bahari imetulia. Wote wawili wafika Pemba saa ile ile, abiria washuka wakicheka, na hapana mtu ufukoni awezaye kuwatenganisha. Pengine wa pili husifiwa zaidi, maana nauli yake ilikuwa nafuu.

Je, watu hawa ni sawa? Hapana. Unafuu wa nauli ya nahodha wa pili ulitoka mahali fulani: ulitoka katika usalama wa abiria wake, naye hakuwaambia. Aliweka rehani uhai usio wake bila idhini ya wenyewe. Kwamba rehani ilirudi salama ni wema wa bahari, si wema wake. Tena bahati humfundisha vibaya. Safari ijayo atapakia wanane, na ile ya baadaye kumi, akidhani amejaliwa ustadi.

Mwisho wa mafunzo hayo waweza kuwa mchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu kupita idadi iliyoruhusiwa. Waliokufa walikuwa mamia. Haikuwa mashua ndogo, lakini sharti lililovunjwa ni lile lile.

Yuko atakayesema: ajali haina kinga. Ni kweli, lakini methali hiyo haimtetei nahodha wa pili. Dhoruba isiyotazamiwa ni kudura. Kuishiwa mafuta si kudura. Methali hiyo ni faraja ya mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake, wala si ruhusa ya kuuacha. Mwingine atasema kwamba anayengoja hatari zote ziishe hataondoka pwani maisha yake yote. Huyu naye ana sehemu ya kweli. Lakini hatumdai nahodha aishinde bahari. Twamdai yaliyo mikononi mwake: mafuta, vyombo, hesabu ya watu, na moyo wa kurudi nyuma mawimbi yanapoizidi mashua, hata kama atachekwa.

Turudi Siongiroi. Huko maziwa ya wafugaji wengi huchanganywa katika tangi moja la kupozea. Mfugaji aliyepeleka maziwa katika kopo lisilooshwa vizuri, na kwa bahati tangi lisiharibike siku hiyo, ni ndugu wa nahodha wa pili: ameyaweka hatarini maziwa ya jirani zake ili ajiepushe na taabu ya maji moto na brashi. Aliyeliosha kopo lake hasifiwi na mtu, kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo hali ya maandalio mema. Theluthi ya akiba ikirudi Shimoni bila kuguswa, mjinga atasema ilikuwa mzigo wa bure. Lakini abiria sita walikuwa na haki juu ya mafuta yale njia nzima, ijapokuwa hawakuyahitaji. Aliyewanyima haki hiyo ana lawama, hata kama amefika salama.