NI NANI MDENI WA MOSHI WA JIKONI?

Ewe ndugu msomaji, yako mauti yajayo kwa kishindo, na yako yajayo kwa kunyatia. Ulipoenea ugonjwa wa Korona mwaka 2020, masoko, misikiti na viwanja vya ndege vilifungwa katika nchi nyingi kwa muda wa majuma machache tu, na wafu wakahesabiwa kila siku. Walakini mwaka huo huo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani uliua watu wapatao 3,200,000, wala hapakufunguliwa dirisha kwa ajili yao.

Tazama khabari za Bara Hindi. Wako wanawake huko ambao hawakuvuta tumbako hata siku moja, nao wana mapafu kama ya mvutaji. Tangu utotoni wameinamia moto wa kuni na wa samadi iliyokaushwa, katika vyumba visivyo na njia ya kutokea moshi. Mishipa ya pumzi huvimba na kusonga, wala hairejei kama ilivyokuwa. Mama hukohoa miaka mingi, na jamaa zake husema ni uzee. Kisha maradhi ya kuambukiza yajapo, humkuta hana akiba ya pumzi. Hospitali za Delhi zilipopungukiwa na oksijeni mwezi wa Aprili 2021, hata oksijeni ya viwandani ilipakiwa katika magari moshi kupelekewa wagonjwa. Basi mbio hizo zote ni za siku ya mwisho!

Mtu atauliza: dhambi ni ya nani, ilhali hapana aliyekusudia kuua? Jawabu ni kwamba mwenye kuchimba kisima njiani pasipo idhini ana dhamana ya atakayetumbukia, ingawa hakumsukuma. Na yule alaye mkate wa moshi huo kila siku ana udhuru gani? Asiseme ni kadari. Paa la chumba chake likivuja hulitengeneza.

Mwezi wa Mei 2016 serikali ya Hindi ilianza kuwapa wanawake maskini gesi ya kupikia, na kufikia mwaka 2019 nyumba 80,000,000 zilikwisha kuipata. Hili ni jema kubwa, na alidharauye hana insafu. Walakini nyumba nyingi zilirejea kuni, kwa kuwa kuujaza mtungi kwahitaji fedha, na kuni hazina thamani illa mgongo wa mwanamke. Mwenye kutoa mtungi asitazame bei ya kuujaza, mimi naona amelipa nusu ya deni. Nusu ya pili i juu ya mume anunuaye tumbako kila juma, kisha akasema gesi ni ghali.