Shahada ni Mali ya Nani?



Katika sharika zetu za Kigoma na Ujiji, na katika vijiji vilivyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, limeingia neno ambalo babu zetu hawakulijua, nalo ni mahafali. Kijana au binti wa nyumba fulani amemaliza masomo yake katika chuo kikuu. Siku imetajwa. Joho latakiwa, na kofia yake. Wazazi nao wajiandaa kwa safari ya kwenda Dar es Salaam, ambayo kwa reli yapata kilometa 1,250. Na mtoto arudipo nyumbani, karamu yatakiwa. Basi kadi za mchango hugawanywa baada ya ibada. Wengine hutoa kwa furaha, wengine hutoa kwa haya, na wengine hutoa kisha wakanung'unika njiani.

Tena twasikia maneno mawili yanayopingana. Wako wasemao, "Shahada ni yake mwenyewe. Ndiye aliyekesha akisoma, na jina lililoandikwa juu ya karatasi ni lake. Kwa nini sisi tuchangie joho la mtu mmoja?" Na wako wasemao, "La, shahada ni yetu sote. Tulimlea, tukamsomesha, na sasa zamu yake imefika kutulisha." Maneno haya yameleta uchungu katika nyumba nyingi, ndugu wamenuniana, na vijana wengine wameogopa kurudi kwao. Kwa hiyo imetupasa kuyapima kwa utulivu, tujue haki iko wapi.

Kwanza yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: mihadhara na mahafali. Mhadhara ni somo la mwalimu mbele ya wanafunzi wake; hufanyika kila siku, wala hakuna apigaye vigelegele. Mahafali ni siku moja tu, na watu wote huja kutazama. Sisi tukaao ziwani twaijua tofauti hiyo. Mtu apitaye Kibirizi asubuhi huona dagaa wameanikwa wakimetameta, akasema, "Kazi nzuri!" Lakini kazi haikufanyika asubuhi. Ilifanyika usiku, gizani, kwa taa na nyavu, mbali na macho ya watu. Asubuhi huonyesha tu yaliyopatikana usiku. Na mvuvi aliyelala usiku kucha, akiazima dagaa wa jirani na kuwaanika mbele ya nyumba yake, hakuvua kitu, hata wapita njia wakimsifu namna gani.

Habari moja ya nchi ya India yatuonyesha neno hili wazi. Mwaka 1818 Waingereza watatu, William Carey, Joshua Marshman na William Ward, walianzisha chuo katika mji wa Serampore, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Wadenmark. Mwaka 1827 Frederick wa Sita, mfalme wa Denmark, aliyekuwa Mlutheri, alikipa chuo kile hati ya kifalme yenye ruhusa ya kutoa shahada. Je, watu walikimbilia kuvaa majoho? Sivyo. Shahada za kwanza za teolojia kwa hati ile zilitolewa mwaka 1915, yaani baada ya miaka 88. Tuseme basi ya kwamba wote waliosoma pale katika miaka ile hawakujifunza kitu? Hakuna awezaye kusema hivyo. Walifundishwa, nao wakafundisha wengine. Elimu ilikuwapo, mahafali hayakuwapo. Basi twaona ya kuwa elimu yaweza kuishi bila joho, lakini joho bila elimu ni nguo tu.

Hapo mtu ataweza kuuliza, "Kama ni hivyo, mahafali ni ya nini? Tuyaache, fedha zibaki mifukoni." Lakini hilo nalo si sawa. Mwanamume na mwanamke waweza kupendana kweli pasipo arusi, lakini twawaita mashahidi, kwa sababu ahadi iliyotolewa mbele ya watu humshika mtu kuliko ahadi ya moyoni. Mahafali pia ni ushuhuda. Chuo chasema mbele ya watu wote, "Huyu amejifunza, mwaweza kumwamini." Mgonjwa humpa daktari mwili wake kwa neno hilo. Wasafiri hupita juu ya daraja kwa neno hilo. Kwa hiyo aliyenunua kazi iliyoandikwa na mwingine, au aliyemtuma mwenzake kukaa katika mtihani kwa jina lake, hakujidanganya mwenyewe tu. Amewafanya wote waliopiga makofi siku ile, hata mama yake mzazi, kuwa mashahidi wa uongo pasipo kujua. Na siku daraja litakapoanguka, hawatauliza joho lilikuwa zuri kiasi gani.

Sasa na turudi kwenye swali letu: shahada ni mali ya nani? Na tumtazame mtu ambaye jina lake twalichukua sote, Martin Luther. Yeye naye alikuwa na mahafali. Mnamo Oktoba 1512, akiwa na miaka 28, alifanywa daktari wa teolojia katika chuo kikuu cha Wittenberg. Yeye mwenyewe hakutaka. Johann von Staupitz, mkubwa wake katika utawa, ndiye aliyemsukuma. Na gharama ilikuwa kubwa, gulden 50, naye alikuwa mtawa asiye na fedha yake mwenyewe. Ni nani aliyelipa? Alilipa Frederick, mtawala wa Saksonia, tena kwa sharti moja: Luther ashike kazi ya kufundisha Maandiko katika chuo kile maisha yake yote.

Fikirini neno hili, ndugu. Luther alipewa kofia na pete, akaapa kufundisha kwa uaminifu, lakini mchango wa joho lake ulitoka mkononi mwa mwingine. Je, Frederick alidai gulden zake zirudishwe pamoja na faida? Hakudai. Je, Luther alisema, "Shahada ni yangu, sina deni kwa mtu"? Hakusema. Alianza mihadhara. Alifundisha Zaburi tangu 1513, kisha Waraka kwa Warumi, kisha Wagalatia, kisha Waebrania. Miaka ikapita, vita ya maneno ikaja, magonjwa yakaja, naye aliendelea kufundisha. Mihadhara yake juu ya kitabu cha Mwanzo aliianza mwaka 1535 akaimaliza Novemba 1545. Na Februari 1546 akafa. Deni la siku moja alililipa kwa miaka zaidi ya 33. Tena hakumlipa yule aliyetoa fedha. Aliwalipa wanafunzi waliokaa mbele yake.

Twadhani hapo ndipo ufunguo ulipo. Shahada si mali ya mwenye jina peke yake, wala si mali ya waliochanga. Ni amana. Jasho ni lake kweli, wala hakuna haki ya kumnyang'anya sifa ya jasho lake. Lakini mlango aliopita ulifunguliwa na wengi. Mjane auzaye mawese sokoni Ujiji, mvuvi alipaye ushuru mwaloni, mtu wa Kasulu anunuaye sabuni dukani, wote wametia kitu katika mfuko wa serikali unaojenga vyuo na kulipa waalimu, na wengi wao hawatakanyaga kamwe ndani ya chuo kikuu. Hata fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, zilianza kutoka mikononi mwa wengi kabla ya kuingia mkononi mwa mmoja. Mwanafunzi atasema, "Mkopo nitaurudisha." Vema, na aurudishe. Lakini deni la fedha huisha siku ya malipo ya mwisho. Deni la kuaminiwa haliishi hivyo.

Siku hizi jambo hili limezidi kuwa wazi. Zamani kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka elimu ya India alivuka bahari kuifuata. Mwaka 2023 elimu ile ilivuka bahari kutufuata sisi: chuo cha teknolojia cha Madras, kimoja cha vyuo vikubwa vya India, kilifungua tawi Unguja, mahali paitwapo Bweleo, chini ya uongozi wa mwanamke, Preeti Aghalayam. Lilikuwa tawi la kwanza la vyuo vya jamii ile kufunguliwa nje ya India. Kulikuwa na mapatano ya serikali, ardhi ya Wazanzibari, na elimu iliyokusanywa Chennai kwa miaka mingi. Mwenye shahada ya chuo kile atasemaje ya kwamba ni yake peke yake? Mataifa mawili yamekutana ili yeye akae darasani.

Lakini, wapenzi, upanga huu una makali pande mbili, nasi hatuna budi kuugeuza utuguse sisi wenyewe, wazee na wazazi. Kwani wako wanaofanya amana hiyo kuwa kamba shingoni mwa kijana. Amepata mshahara mdogo mjini, na kila wiki simu yalia: huyu ataka bati, yule ataka mahari, mwingine asema, "Umesahau mchango wetu?" Huo si ulipaji wa deni, huo ni utumwa uliovikwa nguo ya undugu. Tena wako vijana wengi waliohitimu wakakosa kazi. Nao hurudi Kigoma usiku, wakijificha, kwa kuwa waliochanga wanasubiri matunda. Ni haki gani kumdai mtu fedha ambazo hakuzipata, na kumfanya aione elimu yake kuwa aibu?

Twasema hivi: deni la elimu hulipwa kwa elimu. Frederick alimwekea Luther sharti la kufundisha, si la kurudisha gulden. Kwa hiyo usharika una haki ya kumwambia mhitimu, "Utumikie watu kwa ulichojifunza", hauna haki ya kumwambia, "Utufanye matajiri." Na asiye na kazi ya mshahara si mdaiwa aliyeshindwa. Akiwafundisha watoto wa Mwanga au Gungu hesabu wakati wa jioni, akimsomea mvuvi mkataba wa mkopo kabla hajatia kidole gumba, akimsaidia mjane kuandika barua ya haki yake ya kiwanja, amelipa, na malipo yake ni halali. Hayo hayamwondolei haja ya chakula, wala hatusemi hivyo. Lakini yamwondolea aibu, nayo ni mzigo mzito kuliko njaa kwa watu wengi.

Tena adaiye na atangulie kulipa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakisema mzigo ni mkubwa na malipo ni madogo. Mwalimu Nyerere aliwakasirikia, akawarudisha makwao kwa mamia. Watu wengine hata leo husema adhabu ilizidi, nao wana sababu zao. Lakini tusisahau neno la pili la siku ile: alipowaambia kwamba wataka kujitenga na watu maskini, alipunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijua ya kwamba mkubwa asiyekatwa kitu hana ulimi wa kumwambia mdogo ajitoe. Basi na sisi wachungaji, wainjilisti na wazee wa sharika, tukitaka vijana watumikie kwa elimu yao, watu na waone kwanza kwamba nasi twatumikia kwa hiyo yetu iliyo kidogo.

Twafanyaje basi? Twashauri mambo machache. Mchango mkubwa utolewe wakati wa mihadhara, si wakati wa mahafali. Mwanafunzi akosaye nauli au chakula katika mwaka wa pili, asiposaidiwa, hatafika siku ya joho. Na shilingi iliyotolewa wakati ule yafaa kuliko ng'ombe aliyechinjwa mwishoni. Karamu iwe ya kiasi, kila mtu ale kwa furaha, wala jina la asiyetoa lisisomwe. Wazazi wasikope kwa ajili ya picha na nguo. Joho la kuazima lina heshima sawa na la kununua. Tena mhitimu asipokee zawadi tu kisha akakaa. Na asimame awaambie watu kwa maneno mepesi amejifunza nini, na nini katika hayo chaweza kuwafaa hapa ziwani. Bibi asiyejua kusoma na apate kuelewa kwa nini alichanga.

Wala tusidharau kupiga vigelegele siku ile. Mtoto wa mvuvi akiitwa jina lake mbele ya mkutano, ni jambo la kushukuru, na mwenye wivu na afunge kinywa chake. Ila kesho yake, joho likishakunjwa, na aulizwe kwa upendo neno moja tu: "Sasa utamfundisha nani?"