Mwenye Hofu Ajibiwe, Asichekwe

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui nje ya maabara alikuwa mfanyakazi wa hospitali. Aliitwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi katika hospitali ya Merka, mji wa pwani ulio kusini mwa Mogadishu. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilisimama hospitalini hapo kuuliza njia, na Maalin akapanda ili awaelekeze. Safari yenyewe haikuzidi robo saa. Siku kama kumi baadaye akashikwa na homa, ikadhaniwa malaria. Vipele vilipomtoka, ikadhaniwa tetekuwanga.

Wafanyakazi wa hospitali ile walitakiwa wawe wamechanjwa wote. Yeye alikwepa, na miaka mingi baadaye alieleza sababu bila kuzungukazunguka: aliogopa kwamba sindano ingeuma. Basi. Hakuwa na nadharia yoyote kuhusu mabeberu, wala hakuwa amesikia mahubiri ya mtu. Ilipogundulika kuwa ni ndui, ilibidi watu zaidi ya elfu hamsini wachanjwe Merka na vitongoji vyake ndani ya wiki mbili, na kwa bahati hakuna aliyeambukizwa naye. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa. Maalin alipona, na baadaye akajiunga na kampeni za chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi wenye mashaka yale yaliyompata yeye. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alikuwa bado kazini. Alifariki Julai mwaka huo kwa malaria.

Inafaa kumkumbuka kila mara janga linapozuka na watu kuanza kugawanyika, hawa wakiitwa wajinga na wale wakiitwa vibaraka. Anayekwepa chanjo mara nyingi ni mtu wa kawaida kabisa, anayejua hospitali ilipo na hata kufanya kazi ndani yake, ila ana hofu moja ambayo hakuna aliyekaa naye akaijibu.

Tanzania ilipata somo hilo mwaka 2021, na haikulipata kwa urahisi. Mwishoni mwa Januari, Rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo za UVIKO-19 hadharani akiwa Chato. Siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, akawaambia waandishi wa habari kuwa nchi haina mpango wa kuzipokea, huku wananchi wakihimizwa tangawizi, limau na kujifukiza. Machi Rais Magufuli akafariki. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, na Julai 24 dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani kupitia mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, COVAX, zikatua Dar es Salaam. Julai 28 Rais mwenyewe akachanjwa Ikulu mbele ya kamera.

Miezi sita tu! Mwananchi wa Mbagala au Magu aliyesikia jambo moja jukwaani mwezi wa kwanza na kinyume chake mwezi wa saba alikuwa na kila haki ya kusita. Kumwita mkaidi ni kumwonea.

Rais Samia alilielewa hilo, maana siku ile hakutegemea lugha ya maabara. Aliwaambia wananchi kuwa yeye ni mama, ni bibi mwenye wajukuu, ni mke, na pia ni Rais na Amiri Jeshi Mkuu, hivyo asingejitia kwenye hatari akijua. Aliongeza kuwa chanjo nyingine anazo mwilini tangu zamani. Kenya nako walianza kwa namna hiyo: Machi 5 mwaka uleule, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliyetangulia kuchomwa alikuwa Dk. Patrick Amoth, kaimu mkurugenzi mkuu wa afya.

Hata hivyo mfano wa mkubwa una mwisho wake. Dar es Salaam jina la Gwajima lilivuma pande zote mbili: waziri sasa akihimiza chanjo, na Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, akiipinga kanisani kwake. Agosti askofu aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, kisha akasimamishwa kuhudhuria mikutano miwili ya Bunge. Wapo walioridhika. Lakini muumini aliyetoka kanisani Jumapili na swali kichwani alibaki nalo, kwa sababu adhabu ya mbunge si jibu la swali lake.

Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa bado chini ya asilimia 5 ya Watanzania wote. Mwaka huo ulipokwisha walikuwa wamekaribia nusu. Katikati hapo aina za chanjo ziliongezeka, ni kweli, lakini sayansi haikubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni umbali na mdomo unaosema. Chanjo ilitoka kwenye hospitali kubwa ikafuata watu sokoni, stendi, misikitini na makanisani, na mlango kwa mlango. Anayeeleza akawa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule ambaye mwanawe anasoma na wako, akifuatana na mwenyekiti wa mtaa. Mtu humuuliza jirani maswali ambayo hathubutu kumuuliza daktari mwenye haraka.

Na maswali yenyewe yalikuwa ya maana.

Imetengenezwaje upesi hivyo? Jibu ni kwamba haikuanzia sifuri. Virusi wa jamii ya korona walikuwa wakichunguzwa tangu mlipuko wa SARS wa 2002 na ule wa MERS wa 2012. Njia iliyotumika kwenye chanjo ya Johnson & Johnson, yaani kirusi cha mafua kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana ili kibebe maelekezo ya kutengeneza kipande kidogo cha kirusi cha korona, ilikuwa imekwisha kutumika kwenye chanjo ya Ebola iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020. Maelekezo hayo hayaingii kwenye vinasaba vya mtu. Mwili hukiona kile kipande, hujifunza kukipiga, kisha maelekezo huyeyuka. Kilichookoa muda ni pesa kumwagwa mapema na hatua za majaribio kupishana badala ya kungojana foleni. Waliojitolea kwenye jaribio kuu walikuwa kama elfu arobaini na nne, wakiwemo wa Afrika Kusini.

Mbona waliochanjwa nao waliugua? Kwa sababu hakuna aliyeahidi vinginevyo. Katika jaribio hilo kinga ilikuwa asilimia 66 dhidi ya ugonjwa wa wastani hadi mkali, na asilimia 85 dhidi ya ugonjwa mkali. Kazi kubwa ya sindano ile ilikuwa kumzuia mtu asifike kwenye mtungi wa oksijeni. Watafiti wa Imperial College London walikadiria kuwa katika mwaka wa kwanza wa chanjo za UVIKO-19, vifo milioni 14.4 viliepukwa katika nchi 185.

Kuhusu uvumi wa ugumba na wa kufa baada ya miaka miwili, kalenda imesaidia kuliko mtaalamu yeyote. Wazee waliochanjwa Julai 2021 waliivuka Julai 2023 wakiendelea kulalamikia bei ya mafuta ya kupikia, na wodi za wazazi hazikukauka. Mjamzito alikuwa na sababu ya ziada ya kuongea na mkunga wake mapema: akiugua UVIKO-19, hatari yake ya kuzidiwa ni kubwa kuliko ya mwanamke wa umri wake asiye na mimba.

Swali gumu ni la damu kuganda, na hapa ndipo baadhi ya waelimishaji walipoteleza kwa kulikwepa. Aprili 2021 Marekani ilisimamisha chanjo ya Johnson & Johnson kwa siku kumi, baada ya wanawake sita kati ya watu zaidi ya milioni 6.8 waliochanjwa kupata mgando wa damu wa aina isiyo ya kawaida. Baadaye ilikadiriwa kuwa hali hiyo huwapata takriban watu wanne katika kila dozi milioni moja, na ikaruhusiwa tena ikiwa na onyo. Ni adimu, lakini ipo. Mtu akiambiwa mapema dalili zake, yaani kichwa kinachouma vibaya bila kutulia, tumbo linalouma siku kadhaa, mguu kuvimba au kifua kubana, tena siku chache hadi wiki tatu hivi baada ya sindano, atajua lini arudi hospitali mbio. Akifichwa halafu akayasoma WhatsApp saa nne usiku, atakataa hii na ya surua ya mjukuu wake pia.

Ipo na hoja ya heshima. Afrika ilipata chanjo mwishoni mwa foleni, na dozi nyingine zilifika zikiwa ukingoni mwa muda wake. Malawi iliteketeza karibu dozi elfu 20 za AstraZeneca zilizopita muda Mei 2021. Anayeuliza kwa nini apewe makombo hastahili kuitwa mpotoshaji. Anastahili kuambiwa kwamba Malawi iliziteketeza hadharani ili watu wajue haziwezi kuwafikia begani.

Yaliyobaki ni ya vitendo, na hayahitaji shahada. Kabla ya kuchomwa, mwambie muuguzi kama uliwahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa au chanjo yoyote, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, na kama una mimba. Wenye kisukari, presha na pumu wasidhani wamekatazwa. Kwa UVIKO-19 wenye maradhi hayo ndio waliotangulizwa kwenye foleni pamoja na wazee. Usimeze panadol kabla ya sindano kwa kujihami, ila unaweza kuimeza baadaye homa ikikushika. Vaa nguo inayofunua bega kirahisi. Anayeogopa sindano aseme tu: atakaa chini, atatazama ukutani, na nusu mililita itakuwa imekwisha kuingia kabla hajamaliza kukunja uso. Baadhi ya wanaoanguka kliniki huangushwa na hofu, si dawa, ndiyo maana kiti ni muhimu.

Kisha ukae dakika 15 palepale kituoni, na aliyewahi kupata mzio mkali akae 30. Watu wengi huondoka haraka wakidhani wanapoteza muda. Muda huo umewekwa kwa ajili ya mzio wa ghafla ambao ni nadra sana, lakini ukitokea hutibika kwa sindano ya adrenalini iliyo jirani na muuguzi, siyo iliyo nyumbani kwako. Usiku ule mkono utauma, mwili unaweza kuchoka, kichwa kikagonga, homa ikapanda kidogo. Hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Ikizidi hapo, au mtu akiona kitu asichokielewa, arudi na kadi yake mkononi. Kadi nayo ipigwe picha kwa simu, maana karatasi ina maadui wengi: mvua, panya, na mtoto mwenye kalamu.

Kuna kero moja ambayo haina uhusiano na hofu, na huwakatisha watu tamaa kuliko uvumi. Mtu anafunga safari hadi zahanati, anaambiwa arudi siku nyingine, naye anahisi amepuuzwa. Sababu iko kwenye kichupa. Kichupa cha Johnson & Johnson kilikuwa na dozi tano, na kikishatobolewa kilipaswa kutumika ndani ya saa sita hata kikiwa kwenye jokofu. Chanjo za watoto zina tabia hiyohiyo: BCG, ile inayoacha kovu begani, huja kwa dozi 20 katika kichupa kimoja, na ya surua kwa dozi 10, na zikishachanganywa zisipotumika ndani ya saa hizo sita humwagwa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati ndogo hupanga siku maalumu, ili asifungue kichupa kwa mtoto mmoja na kutupa dozi kumi na tisa. Inafaa kuuliza siku hiyo mapema, kwa simu au kwa mhudumu wa afya wa mtaa, na kumpitia jirani mwenye kichanga mwende pamoja. Mkifika mko wengi, hata siku isiyo ya ratiba, muuguzi anaweza kukubali kufungua.