Uhai Unaogawika

Katika masuala yaliyowashughulisha wanafalsafa tangu zama za Wayunani, sidhani kama liko lililo karibu zaidi na nyua za nyumba zetu, na papo hapo lililosahauliwa zaidi, kuliko hili: mtu akikata kitawi cha mwasumini wa jirani yake, akakichomeka katika kopo la mchanga, nacho kikatoa mizizi, kisha majani, na hatimaye maua, je, huo uliosimama uani kwake ni mti mwingine uliozaliwa, au ni mwasumini uleule wa jirani ambao sasa unaishi mahali pawili? Atakayejibu kwa haraka kwamba ni mwingine, kwa kuwa macho yanaona miti miwili, ataulizwa huo mwingine ulizaliwa siku gani. Na atakayejibu kwamba ni uleule ataulizwa imekuwaje mmoja ukafa kwa kiu na wa pili usiwe na habari.

Na tulitazame kwanza lenyewe linalotendeka, maana wengi wanaopenda kujadili nafsi na uhai hawajapata kushika kisu cha bustani. Mwasumini wa pwani yetu, ule ambao maua yake hutungwa vikuba na kutandazwa juu ya vitanda vya maharusi, ni nadra sana kuzaa mbegu, na kwa hiyo, tangu ulipovuka bahari kutoka upande wa Bara Hindi, umekuwa ukihama ua kwa ua mikononi mwa watu, kitawi baada ya kitawi. Akina mama wanaoujua huchagua tawi ambalo si changa la kulegea wala si kuukuu la kukakamaa. Hulikata chini kidogo ya fundo kwa kisu kikali, kwani kisu butu huponda, na palipopondeka huoza. Hupukutisha majani ya chini, na yale mawili matatu ya juu huyakata nusu, ili yasimalize maji ambayo bado hapana mzizi wa kuyafidia. Kisha hukichomeka katika mchanga wenye unyevu usio wa chepechepe, wakakifunika gilasi na kukiweka kivulini. Siku hupita na juu hakuna kinachoonekana, na hapo ndipo wasio na subira huking'oa kutazama, wakakiua. Kumbe huko chini jeraha limeshafunga kovu, na ile dawa ya maumbile itengenezwayo katika ncha za mmea, ambayo Frits Went wa Utrecht aliithibitisha mwaka 1928 kwa vichipukizi vya oti, imeteremka na kujikusanya mwisho wa kitawi, ikazigeuza chembe zilizokuwa za shina kuwa mizizi. Tena hata mtu akikigeuza kitawi juu chini, mizizi huelekea kuchomoza katika ule mwisho uliokuwa karibu na shina la mama, wala si ule uliofukiwa kwa kukosea. Kimekatwa, lakini hakikusahau kilikokatwa.

Aristotle aliliona jambo hili na hakulipita. Katika kitabu chake juu ya nafsi alieleza kwamba mimea ikigawanywa kila sehemu huendelea kuishi peke yake, akahukumu kuwa nafsi ya mmea ni moja kwa namna ilivyo, na ni nyingi kwa namna inavyoweza kuwa. Ibn Sina, aliyezirithi fikira hizo na kuzipanua kwa Kiarabu, aliipa nafsi ya mmea nguvu tatu, ya kujilisha, ya kukua na ya kuzaa, asiipe hisia wala akili. Hukumu ya yule wa kwanza ni nzuri, lakini naona haijamaliza kazi, kwa kuwa inatuambia kwamba nafsi yaweza kugawika bila kutuambia mgawanyiko huo ni tendo la namna gani. Na mpango wa huyu wa pili, ijapokuwa hakuuweka kwa ajili ya kopo letu la mchanga, ndio unaotupa njia ya kuuliza vizuri zaidi. Kitawi kinapotoa mizizi, ni nguvu ipi katika zile tatu iliyofanya kazi? Ni ile ya kuzaa, au ni ile ya kukua?

Mimi nashikilia kwamba ni ya kukua, na hoja yangu haitoki kwenye maua bali shambani, kwenye mhogo. Zao hili, lililoletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, mkulima halipandi kwa mbegu. Huchukua shina lililovunwa, akalikata pingili, akazifukia ardhini. Basi kuna maradhi yaitwayo batobato, ambayo mtaalamu wa Kijerumani, Warburg, aliyaandika mwaka 1894 kutokana na mihogo ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika: majani hujikunja na kuingia mabaka ya manjano, na mizizi hudumaa. Nzi weupe huyachukua kutoka shamba hadi shamba, lakini mkulima mwenyewe huyachukua kwa uhakika zaidi, kwa kuwa kila pingili iliyokatwa katika shina gonjwa huota ikiwa gonjwa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, walipotafuta tangu miaka ya 1930 mihogo ya kustahimili batobato, hawakuipata kwa kuendelea kukata pingili. Ilibidi wauchanganye mhogo na jamaa zake, mmojawapo ukiwa ni mpira, uleule ambao majani yake huliwa kisamvu, na mbegu zilizopatikana wazipande na kuchagua katika miche yake. Kwa maneno mengine, ilibidi kitu kizaliwe.

Hapa ndipo suala la falsafa linapoingia katika dini. Sisi tumefundishwa kwamba kila nafsi huhesabiwa kwa amali zake yenyewe, na mtoto hatiwi hatiani kwa makosa ya mzazi wake. Natambua kwamba ugonjwa wa mmea si dhambi, na sitaki kuufanya mhogo mukallafu; lakini desturi ya maumbile inafuatana na adili hiyo kwa namna inayostahili kutazamwa. Mbegu ni kuanza upya: huchukua kwa mama na huchukua kwa baba, ikawa kitu ambacho hakijapata kuwako, na batobato ya mama aghalabu haiifuati. Pingili haianzi lolote. Hubeba umri wa mama yake, tabia zake na ugonjwa wake, kwa sababu ni mama huyohuyo aliyesogea hatua kadhaa.

Najua pingamizi litakalotolewa, na tena linatoka karibu na kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani kijiua cha rangi ya urujuani kiotacho miambani penye kivuli, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akakipa jina la Saintpaulia; leo kimejaa madirishani mwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao hukizidisha kwa kukata jani moja pamoja na kikonyo chake na kulichomeka mchangani. Lakini ziko aina zenye maua ya michirizi, ambazo jani lake likioteshwa huleta mmea wenye maua ya rangi moja tu. Basi, atasema mpinzani, huo si mwingine? Hasha. Wajuzi wa mimea wamegundua kwamba mama mwenye michirizi ndani yake ana tabaka mbili za asili mbalimbali, zinazoishi chini ya umbo moja, na kwamba miche michanga ya jani huchipuka katika mojawapo tu ya tabaka hizo. Anayetaka michirizi hukata kikonyo cha ua au chipukizi la pembeni, na huipata. Jani, basi, halikubadilika likawa kitu kingine. Ni sisi tuliomhesabu mama kuwa mmoja naye alikuwa wawili.

Hukumu hii ikikubaliwa, yako yanayofuata ambayo si ya vitabuni tu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba apandaye mti, akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. (Wengine watasema kilichotajwa ni kula, na harufu ya asumini hailiwi, nawaachia mafakihi, ingawa sioni ubahili wa namna hiyo katika dini yetu.) Bibi aliyepanda mwasumini akafariki, na mti wake ukakauka, lakini vitawi vyake vimeshika mizizi katika nyua za mtaa mzima: kama kitawi ni mti mwingine, sadaka yake ilikoma siku mti wake ulipokauka, kama ni uleule uliokua ukatoka nje ya kiambaza chake, basi bado unachanua, na sioni sababu ya ajri yake kukatika.

Ila hukumu hiyohiyo inawabana wale wanaopita jioni kando ya ua wa mtu, wakavunja kitawi bila idhini na kujipa moyo kwamba mti haukudhurika, eti wamechukua mtoto tu. Hawakuchukua mtoto, wamechukua mti wenyewe, na unakwenda kusimama kwao. Salman Alfarsi alipojikomboa utumwani kwa mkataba wa kupanda mitende 300 na kutoa wakia 40 za dhahabu, machipukizi hayo alichangiwa na masahaba, huyu akimpa 30, yule 20, mwingine kwa kadiri ya uwezo wake, kila mmoja katika mali yake na kwa ridhaa yake. Nawasihi basi wapenzi wa maua: pigeni hodi kabla ya kutoa kisu.