Ndege ambayo haikupiga popote

"Yaya, hii ndege ilipiga wapi?"

Aliyeuliza ni kijana wa miaka 13, mtoto wa upande wa Rutshuru, na hakuwa anatania. Watoto waliotoka Kivu Kaskazini miaka hii ya karibuni wanaijua Sukhoi kwa mlio kabla hawajaiona kwa macho. Mezani kwetu palikuwa na boksi lililokuja ndani ya mzigo wa vitu vya watoto. Kulikuwa na mipira, kalamu za rangi, fulana, na hilo boksi moja ambalo nadhani hakuna aliyelitazama vizuri kabla ya kulileta Nakivale. Juu yake imechorwa ndege isiyo na mkia, bawa tupu kama popo, inafyatulia risasi ndege kubwa za Wamarekani wakati jua linazama. Anga lote rangi ya chungwa. Ukiliangalia haraka utasema ni picha ya kalenda. Pembeni kumeandikwa mwaka: 1946.

Nikamjibu kwamba haikupiga popote. Akanitazama kama anayetazama mwongo.

"Basi waliitengeneza ya nini?"

Nielezee kidogo kwa wasomaji ambao si wa kwetu. Yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike, na vijana wa hapa wananiita hivyo kwa sababu nashinda nao kila siku mchana kwenye chumba chetu cha vijana. Mimi si mwalimu. Nimemaliza sekondari, basi. Na nasema kambi, ingawa najua ofisini wanapenda tuseme makazi. Anayelala humu anasema kambi.

Usiku nilinunua bando nikasoma. Ndege yenyewe ni ya Wajerumani, inaitwa Horten 229, kazi ya ndugu wawili, Walter na Reimar Horten. Wakuu wao walikuwa wameomba ndege ya kubeba kilo 1,000 za mabomu, kwa umbali wa kilomita 1,000, kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa saa. Ndugu hao walijenga bawa hilo na kulifunika kwa mbao nyembamba. Ya injini iliruka mwanzoni mwa Februari 1945, katika mji wa Oranienburg karibu na Berlin. Tarehe 18 ya mwezi huohuo injini moja ilizimika angani, ndege ikaanguka, na rubani, Erwin Ziller, akafa. Nyingine waliikuta Wamarekani haijaisha, wakaibeba kwao, na mpaka leo iko kwenye jumba la makumbusho karibu na Washington. Vita ya Ulaya iliisha Mei 1945. Kwa hiyo ile picha ya boksi, jua na risasi na mwaka 1946, haikutokea. Ni vita ya kufikirika.

Nikagundua pia kwamba kuna watu wengi Ulaya, Marekani na Japani ambao starehe yao ndiyo hii, kuunda na kupaka rangi ndege za vita ambazo hazikuwahi kupigana. Nyingine hata hazikujengwa, zilibaki kwenye karatasi ya mchoraji. Iko moja ya Wajerumani haohao, Triebflügel, ambayo mabawa yake yangezunguka kiwiliwili kama feni. Ilibaki mchoro, lakini leo unaweza kuinunua vipande vipande na kuijenga. Kati ya kampuni zilizoitengeneza iko moja ya Ukraine. Nilikaa na hilo kwa muda. Watu walikuwa wanauza vita ambayo haikuwepo, halafu mwaka 2022 vita ya kweli ikawafuata mlangoni.

Na watu hawa hawafanyi mzaha. Wanabishana rangi gani ni sahihi kwa ndege ambayo haikuwahi kupakwa rangi yoyote. Nilicheka peke yangu kitandani. Halafu siku ya pili nikaanza kuijenga na vijana, na kicheko kikaisha, kwa sababu ile kazi ni tamu kweli.

Ndani kulikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, vipande vimeshikana nazo kama ndizi kwenye mkungu. Gundi hakuna, rangi hakuna. Tulikata kwa kikata kucha, tukasafisha kwa wembe, msasa tukaomba kwa seremala. Supagluu ya dukani ilimnatisha binti mmoja vidole viwili, tukacheka mpaka tukaanza kuogopa. Mchora mabango alitupa masalio ya makopo yake, bluu na nyeupe, maana hizo ndizo rangi za mabango ya mashirika (hapa ukitaka rangi nyingine utatafuta sana). Nyekundu ilitoka saluni, rangi ya kucha. Kila kipande kimefanywa kidogo mara 72 kuliko chenyewe. Bawa lenye mita 16 na zaidi likawa sentimita 23, shibiri moja ya mtu mzima. Hawa ni vijana ambao tayari wanaunda malori kwa makopo ya mafuta ya msaada na chukudu kwa vipande vya mbao, mikono yao inajua. Lakini sijawahi kuwaona wametulia vile. Mmoja ambaye hawezi kukaa dakika tano alipaka kiti cha rubani kwa njiti ya kiberiti, amezuia pumzi.

Yule wa Rutshuru alikaa mlangoni. Siku tatu, mchana wote, mlangoni. Hakugusa kitu, hakuondoka.

Hapo nilikosea, na naliandika kwa kuwa ninyi mnaofanya kazi kama yangu mtalijua kosa hili. Nilifungua boksi kabla ya kumuuliza mtu yeyote ndani ya chumba kile ndege ina maana gani kwake. Nilijiambia kwamba ndege hii haina hatia. Haikudondosha bomu hata moja, haikuua mtu isipokuwa rubani wake mwenyewe. Ukitafuta ndege ya vita ya kumpa mtoto aliyekimbia vita, utapata wapi iliyo safi kuliko hii?

Mwalimu mmoja aliyesoma Tanzania alitufundisha tofauti ya -nge- na -ngali-. Ningekuja, bado inawezekana. Ningalikuja, imeshapita, haiwezekani tena. Mtaani tunavichanganya, lakini darasani alikuwa mkali. Nafikiri hizi ndege ni ngali ya plastiki. Wajerumani wangalipata miezi zaidi, vita ingalifika 1946, bawa hili lingalipaa kwenye anga la chungwa. Anayeijenga hasemi kwamba angalifurahi. Wengi wao, naamini, wanapenda tu umbo lake na utulivu wa mikono. Mimi pia nililipenda. Siwezi kuwahukumu watu kwa utamu ambao nimeuonja.

Ila ngali haiji peke yake. Ukiongeza miezi kwenye vita, umeiongeza kwa kila mtu aliyekuwa ndani yake. Nilirudi kusoma kuhusu ule mji wa Oranienburg, mahali ndege iliporukia, na nikakuta jina lingine, Sachsenhausen. Ilikuwa kambi. Naogopa kulitumia neno hilohilo, maana kambi yetu na ile si kitu kimoja, na atakayesema ni sawa anawatukana waliokufa kule. Ilifunguliwa 1936 na watu zaidi ya 200,000 walifungwa humo kwa miaka ile yote. Kiwanda cha ndege cha Heinkel katika mji huohuo kiliwafanyisha kazi wafungwa wake. Aprili 1945, majeshi ya Kisovieti yalipokaribia, walinzi waliwatoa wafungwa zaidi ya 30,000 wakawatembeza kwa miguu, na anayeshindwa kutembea anapigwa risasi. Sisi tuliotembea tunajua kidogo maana ya kushindwa kutembea.

Sasa rudi kwenye boksi. Katika ile 1946 ya mchoraji, ambapo jua linazama vizuri namna ile, kambi ile bado imejaa. Haionekani kwenye picha kwa sababu picha inatazama juu.

Nilifikiri nimemaliza hoja yangu. Nilitaka kuandika kwamba ndege ya kufikirika nayo ina watu chini yake, hata kama haikupiga popote, na kuishia hapo. Lakini siku ya tatu tukafika kwenye stika.

Ni zile stika za kulowekwa kwenye maji ndipo zinateleza kutoka kwenye karatasi. Binti wa supagluu akauliza vile vipande viwili vilivyokatika katika ni vya wapi, maana kwenye maelekezo havionyeshwi. Nikavigeuza, nikaelewa. Ni alama ya Wanazi, imegawanywa nusu mbili. Ujerumani sheria inakataza kuionyesha hadharani, kwa hiyo kampuni nyingine zinaiacha kabisa na nyingine zinaikata. Kila nusu peke yake ni mistari tu. Kampuni haijakuuzia alama, imekuuzia mistari. Atakayeiunganisha ni wewe, nyumbani kwako, na vidole vyako.

Niliwaeleza vijana alama ile ni ya nani na ilifanya nini. Nikasema hatutaibandika, tutaiacha wazi, tena tutaipaka ndege nyeupe yote, kama ndege ya kubeba dawa. Wengi wakakubali haraka. Nyeupe tulikuwa nayo nyingi.

Ndipo yule wa mlangoni akasema, bila kusimama, "Na sisi walikuja bila alama."

Chumba kikanyamaza. Akaendelea. Waliokuja kwao usiku walivaa nguo za jeshi lakini hakuna kitu begani, hakuna jina, hakuna bendera. Kesho yake kila mmoja akasema si sisi. Mpaka leo mama yake hajui amlaumu nani. "Mukiipaka nyeupe," akasema, "mutu atauliza hii ndege ya nani, mutasema ya dawa. Si ni kusaidia wenye iko yao?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona kuiondoa alama kama usafi. Yeye aliona kama ndiyo kazi wanayoifanya wauaji wenyewe, kuvua alama. Sheria ya Ujerumani ina sababu yake na naiheshimu. Kule alama ile inaweza kuwaita watu warudi barabarani nayo. Lakini sheria hiyo iliandikwa katika nchi ambayo kila mtoto anafundishwa waliofanya ni akina nani. Huyu anatoka mahali ambapo hilo ndilo halijulikani. Kwake alama begani ni ushahidi, karibu ni zawadi.

Binti akamjibu kwamba ukiibandika, mtoto mdogo atakayeingia ataiona nzuri, ataichora kwenye daftari lake bila kujua. Na hilo pia ni kweli. Nimewaona wakichora bunduki kwa sababu tu bunduki inachoreka vizuri.

Jioni nilikwenda kwa baba. Baba yangu naye ana ngali yake, na hakuna mtu wa kambi hii asiye nayo. Akikaa nje anachora chini kwa kijiti nyumba ambayo angalijenga kwenye kiwanja chetu. Ni vyumba vitatu, mabati, baraza inayotazama barabara. Kila mara anaongeza kitu. Siku hiyo alikuwa anaweka tangi la maji. Tunajua wote kwamba kwenye kiwanja hicho sasa anaishi mtu mwingine na familia yake, nao sijui walikimbia kutoka wapi. Nikamuuliza, "Baba, kwenye hii nyumba, wale watu wako wapi?" Akafuta baraza kwa mguu, akaichora upya sentimita chache pembeni. Hakunijibu, na mimi sikuuliza mara ya pili. Ni mzee wangu, na ile ndiyo nyumba pekee aliyo nayo.

Kwa hiyo sijui nimcheke nani tena. Yule mtu wa Ulaya anayepaka ndege ya 1946 anawasahau wafungwa wa kambi. Baba anaisahau familia moja. Mimi kwenye ngali yangu nimesoma chuo kikuu Bukavu, na sioni sura ya mtoto hata mmoja wa chumba hiki, maana kule tusingekutana.

Siku ya nne kijana alitoka mlangoni akaja mezani. Akauliza aliyeirusha aliitwa nani. Nikamtajia. Akaomba peni, akaigeuza ndege, akaandika chini ya bawa la kushoto, kwa herufi ndogo sana: Erwin Ziller, 18/2/1945. Kisha akahamia bawa la kulia, akauliza, "Na wale wa kambi?" Nikamwambia ni wengi, sina majina yao. Akaifunika peni na bawa hilo akaliacha hivyo, bila neno.

Ndege sasa iko juu ya kabati, haijapakwa rangi isipokuwa kiti cha rubani. Zile stika nimezihifadhi kwenye daftari la mahudhurio, nusu moja mwanzoni, nusu nyingine karibu na jalada la nyuma. Vijana wamenikatalia nisiamue peke yangu. Wameitisha kikao Jumamosi saa nane, watapiga kura, na wamesema yaya anaruhusiwa kusikiliza tu.